Nanga Mbili za Taya la Chini: Meno Bandia Yanayocheza na Njia za Kuyatuliza

Mhudumu aliyefanya kazi kwa muda katika chumba cha kinywa na meno anaifahamu ishara hii. Mgonjwa mwenye umri mkubwa anaombwa aonyeshe meno yake bandia, naye, badala ya kufungua kinywa, anaingiza mkono mfukoni. Akiwa ni bibi, anafungua fundo la pindo la kanga. Meno ya juu yamo kinywani mwake tangu asubuhi. Ya chini yamefungwa pamoja na nauli. Huyavaa akienda kanisani, msikitini au msibani, na huyavua chakula kinapotengwa. Meno yaliyotengenezwa ili mtu apate kula huvuliwa ili mtu apate kula.

Wagonjwa wa namna hii wako kila mkoa. Makala hii inawatazama wale wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kwa sababu mazingira yao yanaonyesha waziwazi jambo ambalo mjini ni rahisi kulisahau: tiba ya meno bandia haiishi siku mgonjwa anapokabidhiwa meno yake. Lililo kubwa zaidi ni nani atakayeyaangalia mwaka unaofuata, na kwa umbali gani kutoka nyumbani.

Tumfikirie bibi mmoja wa Liuli, asiye na jino hata moja. Chakula cha nyumbani kwake ni ugali wa muhogo na usipa. Usipa huliwa mzima, pamoja na miiba yake midogo. Mwiba mmoja, au chembe ya mchanga iliyobaki tangu samaki walipoanikwa, ukipenya chini ya meno bandia yanayocheza, humchoma ufizi kila anapouma. Mwenzake wa Umatengoni, huko juu kwenye mashamba ya kahawa na ya ngoro, ana maharage, ambayo maganda yake hufanya kazi ileile. Wote wawili huishia kuchagua chakula laini: uji, mchuzi, ugali uliolowekwa. Nyama, mboga zenye nyuzi, mahindi ya kuchoma na maembe yasiyoiva sana huachiwa wajukuu. Hilo ni suala la lishe. Lipo pia suala la heshima: mzee anayeogopa kwamba meno yatamruka akicheka hukaa kimya barazani, na watu hudhani amekuwa mkali.

Kwa nini ya chini ndiyo yanayosumbua

Meno bandia ya juu hukaa juu ya kaakaa pana. Kati ya kitako cha akriliki na kaakaa huwapo utando mwembamba wa mate. Kingo zikiziba vema, utando huo huyashikilia meno kama vile vipande viwili vya kioo vilivyolowa vinavyokataa kuachana. Taya la chini halina kaakaa. Lina ukingo mwembamba uliopinda kama upinde, na katikati yake hukaa ulimi, kiungo kisichotulia. Mtu akisema, akimeza au akipiga mwayo, ulimi huyasukuma meno kwa ndani, na misuli ya shavu na ya mdomo huyainua kwa nje. Kwa msomaji wa mwambao mfano ni rahisi: meno bandia ya chini ni mtumbwi ulioachwa majini bila kamba wala nanga. Maji yakitulia hukaa. Upepo wa kusini ukianza kuvuma huondoka.

Jambo la pili ni mfupa. Mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Yakishang'olewa, hupungua mwaka hadi mwaka, na hakuna dawa ya kumeza inayouzuia. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 25 watu wanaovaa seti kamili za meno bandia. Aliona kwamba upungufu wa mfupa katika sehemu ya mbele ya taya la chini ulikuwa takriban mara nne ya ule wa taya la juu. Ndiyo maana mgonjwa husema, kwa haki kabisa, kwamba meno yake yalikaa vizuri mwanzoni, kisha "yakapanuka". Hayakupanuka. Ni ukingo wa taya uliopungua chini yake.

Kwanza, meno yenyewe yachunguzwe

Mgonjwa anayelalamikia meno bandia ya chini asielekezwe moja kwa moja kwenye upasuaji. Baadhi ya wanaodhani kwamba wanahitaji vipandikizi wanahitaji meno bandia mapya yaliyotengenezwa vema, au marekebisho ya yale waliyo nayo. Mhudumu na aulize na kutazama mambo matatu.

La kwanza ni umri wa meno hayo. Seti iliyotumika miaka kumi bila kurekebishwa imepitwa na taya. Ikiwa meno yenyewe hayajaisha, daktari anaweza kuongeza tabaka jipya la akriliki upande wa ndani ili kitako kifuate tena umbo la ufizi wa sasa. La pili ni namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Yakigusana upande mmoja kabla ya mwingine, kila mara mgonjwa anapouma huyang'oa mwenyewe. La tatu ni kingo. Kingo fupi mno hazishiki. Ndefu mno husukumwa na misuli na kuchubua ufizi.

Hapa kuna onyo kwa wagonjwa. Usiyakwangue meno bandia kwa kisu, tupa wala msasa, na usiyaunge kwa gundi kali ya dukani. Gundi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa, na seti iliyoungwa vibaya huwa vigumu kuitengeneza upya. Na kwa mhudumu: kidonda kinachosababishwa na meno bandia hupona meno yakirekebishwa au yakiachwa kuvaliwa kwa siku kadhaa. Kidonda ambacho hakijapona baada ya wiki mbili kisiendelee kuitwa cha meno bandia. Mpe mgonjwa rufaa akachunguzwe saratani ya kinywa.

Nanga ambayo mgonjwa amezaliwa nayo

Kabla ya kuzungumzia chuma, tuzungumzie mizizi. Meno ya mwisho kubaki katika taya la chini aghalabu huwa ya mbele, yakiwamo chonge, ambayo mizizi yake ni mirefu na imara. Mgonjwa aliyebakiwa na chonge mbili huja kliniki na kusema, "Daktari, malizia haya mawili, niwekewe mapya yote." Ombi hilo linaeleweka. Kulikubali bila kufikiri ni kosa linalolipiwa kwa miaka mingi.

Chonge mbili zenye mfupa wa kutosha zinaweza kutibiwa mizizi, kukatwa hadi karibu na ufizi na kufunikwa na meno bandia yanayozikalia. Mgonjwa huonekana na seti kamili; chini yake mizizi hubaki hai katika kazi yake ya kuulinda mfupa. Mwaka 1978 watafiti Crum na Rooney walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka mitano. Kwa waliobakishiwa chonge, mfupa wa mbele wa taya la chini ulipungua kwa wastani wa milimita 0.6, kwa walioondolewa meno yote, ulipungua kwa milimita 5.2. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha taya linaloweza kubeba meno bandia na taya lililobaki tambarare.

Njia hii ina masharti yake. Mizizi iliyofunikwa huoza upesi isiposafishwa, kwa hiyo mgonjwa hana budi kuipiga mswaki kila siku kwa dawa yenye floridi na kurudi kuangaliwa. Hata hivyo, haihitaji vifaa vya upandikizaji, na mizizi yenyewe mgonjwa tayari anayo. Kwa sababu hiyo, tabibu wa meno aliye Mbinga, Mbamba Bay au Lituhi ana uamuzi mzito mikononi mwake kuliko bingwa aliye mbali: yeye ndiye anayeshika koleo siku ambayo chonge mbili za mwisho zinaombewa kung'olewa. Kama hazilegei sana wala hazina usaha usiotibika, na asubiri, apige picha, aombe ushauri.

Kipandikizi ni nini

Kwa wengi, neno kipandikizi ni la uzazi wa mpango: kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Mhudumu asishangae bibi wa miaka sabini akicheka anapoambiwa kwamba atawekewa vipandikizi. Cha meno ni kitu kingine kabisa. Ni skrubu ndogo ya titani, mara nyingi yenye kipenyo cha milimita 3.5 hadi 4 na urefu wa milimita 8 hadi 12, inayozamishwa katika mfupa wa taya ili ifanye kazi ya mzizi.

Chanzo chake ni uchunguzi ambao haukuhusu meno. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 nchini Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa, vilikataa: mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, katika taya la chini, navyo vilimtumikia hadi alipofariki mwaka 2006. Tangu mkutano wa wataalamu uliofanyika Toronto mwaka 1982, njia hiyo ilianza kukubaliwa na vyuo vya meno katika nchi nyingi.

Kwa muda mrefu vipandikizi vilifikiriwa kuwa tiba ya matajiri, kwa kuwa vilihitajika vinne, vitano au zaidi ili kubeba safu nzima ya meno yasiyovuliwa. Kilichobadilisha mawazo hayo kwa mgonjwa asiye na meno ni hoja ndogo: meno bandia ya chini hayahitaji kubebwa yote, yanahitaji kuzuiwa yasiondoke. Kwa kazi hiyo, viwili vinatosha. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitamka kwamba kwa mtu asiye na meno katika taya la chini, meno bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo yanayostahili kuwa chaguo la kwanza. Mwaka 2009 tamko kama hilo lilitolewa na wataalamu wa Uingereza waliokutana York. Matamko hayo yalitoka katika nchi zenye uwezo mkubwa kuliko wetu, wala hayamaanishi kwamba kila mwenye meno bandia ya kawaida ametibiwa vibaya. Wako wengi wanaoyavaa na kula vizuri. Yanatupa kipimo tu: mgonjwa anapoteseka, tiba yenye ushahidi ipo, nayo si kubwa kama inavyodhaniwa.

Namna kazi inavyofanyika

Meno bandia yanayoshikwa na vipandikizi hubaki kuwa ya kuvaa na kuvua. Juu ya kila kipandikizi hufungwa kichwa kidogo kinachochomoza kwenye ufizi. Upande wa ndani wa meno bandia huwekwa kikombe chenye kipete cha nailoni. Mgonjwa akiyasukuma chini, kipete hukamata kichwa kwa mlio mdogo, kama vifungo vya chuma vya kubana vinavyoshonwa kwenye nguo. Ipo pia namna ya kuunganisha vipandikizi kwa upau, na meno yakaushika upau huo. Hushikilia vema, lakini ni ghali zaidi na ni vigumu zaidi kuusafisha.

Hatua za matibabu ni hizi. Kwanza, uchunguzi wa kinywa na wa afya kwa jumla, pamoja na picha ya eksirei ya taya zima. Pili, meno bandia yenyewe hutengenezwa au kurekebishwa hadi yawe sawa, kwa sababu vipandikizi havitibu meno yaliyotengenezwa vibaya. Tatu, upasuaji mdogo kwa ganzi ya sehemu. Vipandikizi viwili huwekwa sehemu ya mbele ya taya, mahali ambapo chonge zilikuwa, kwa kuwa hapo mfupa hubaki mwingi na mpasuaji huwa mbele ya matundu ambamo neva ya mdomo wa chini hutokea. Nne, kusubiri. Mfupa hupewa muda wa kushikana na titani, kwa kawaida wiki sita hadi miezi mitatu, na katika kipindi hicho meno bandia hulegezwa upande wa ndani ili yasikandamize kidonda. Tano, vichwa hufungwa, vikombe huwekwa, na mgonjwa hufundishwa kuvaa, kuvua na kusafisha.

Katika sehemu hiyo ya taya, zaidi ya vipandikizi tisa kati ya kumi hudumu kwa miaka mingi. Mgonjwa ajue pia kwamba kinachoshindwa kushika huweza kutolewa, na kidonda kikapona.

Nani anafaa, na nani asubiri

Uzee peke yake si kizuizi. Bibi wa miaka themanini mwenye afya nzuri anaweza kupandikizwa. Kijana ambaye taya lake bado linakua ndiye anayeambiwa asubiri. Mwenye kisukari anafaa ikiwa sukari yake imedhibitiwa. Isipodhibitiwa, kidonda hupona kwa shida na maambukizi huja kwa urahisi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI, akiwa anatumia dawa zake vema na afya yake ni imara, hana sababu ya kunyimwa tiba hii. Mvutaji wa sigara aelezwe wazi kwamba uvutaji huongeza uwezekano wa kipandikizi kushindwa, na asaidiwe kuacha.

Wako wanaohitaji tahadhari kubwa: waliopigwa mionzi ya tiba ya saratani eneo la taya, na wanaotumia, au waliowahi kutumia, dawa za kuzuia mfupa kumong'onyoka, hasa zile za kuchomwa kwenye mshipa. Kwao upasuaji wa taya unaweza kuacha mfupa ukifa. Mhudumu aulize habari hizi kwa kinywa chake, asingoje mgonjwa azitaje. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari wa meno na daktari wake washauriane.

Kurudi nyumbani

Hapa ndipo mwambao wa Nyasa unapotofautiana na mjini. Huduma za kibingwa za kinywa na meno zimejikita zaidi katika miji mikubwa. Mgonjwa wa Mbamba Bay hupanda milima hadi Mbinga, na kutoka Mbinga hadi Songea kuna kama kilomita 100 nyingine. Akielekezwa Dar es Salaam, kutoka Songea kumebaki zaidi ya kilomita 900. Safari si moja, bali ni tatu au nne: ya uchunguzi, ya upasuaji, ya kufunga vichwa, ya kuangaliwa. Familia nyingi za Umatengoni hupanga gharama kubwa kwa kufuata mauzo ya kahawa. Ni jambo la busara mgonjwa na daktari wake wapange tiba kwa kalenda hiyo, ili mtu asikwame katikati ya hatua.

Hata baada ya hatua zote, kipete cha nailoni huchakaa. Mara nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya mwaka mmoja au miwili, na kwa mlaji wa vyakula vigumu, mapema zaidi. Kukibadilisha si upasuaji. Ni kazi ya dakika chache kwa kifaa kidogo cha mkono. Lakini vipete vya mtengenezaji mmoja havikai kwenye vichwa vya mwingine. Mgonjwa aliyewekewa aina isiyopatikana nchini, tena asiyejua jina lake, atarudi palepale alipoanzia: meno katika pindo la kanga, na skrubu mbili za thamani zikichomoza kwenye ufizi bila kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kupandikizwa, mgonjwa au mwanawe anayelipa aulize maswali haya, wala asione haya. Je, vipete na vichwa vya aina hii vinapatikana hapa nchini? Gharama iliyotajwa ni ya vipandikizi peke yake, au pamoja na meno bandia na marudio ya mwaka wa kwanza? Bima yangu inalipia sehemu gani, na isiyolipwa ni kiasi gani? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeufanya mjadala wa bima kuwa wa kila kaya, lakini kila mgonjwa apate jibu la bima yake kwa maandishi kabla ya kuuza mbuzi au gunia la kahawa.

Akishapandikizwa, adai kadi. Iandikwe jina la mtengenezaji, kipenyo na urefu wa kila kipandikizi, aina ya kichwa, rangi ya kipete na tarehe. Aombe pia vipete vya akiba, arudi navyo nyumbani ndani ya bahasha. Kadi hiyo ihifadhiwe kama ya kliniki ya mtoto. Tabibu wa Mbamba Bay ambaye hajawahi kuweka kipandikizi hata kimoja, akiwa na kadi, kipete na maelekezo ya daktari aliyefanya kazi, anaweza kumwokoa mgonjwa na safari ya siku mbili.

Usafi wa kila siku

Vipandikizi havitoboki kama meno, lakini ufizi na mfupa unaovizunguka huugua. Utando wa uchafu ukiachwa, ufizi huvimba na kutoka damu, kisha mfupa huanza kuondoka bila maumivu makubwa. Mgonjwa apige mswaki laini kuzunguka kila kichwa asubuhi na jioni. Meno bandia yasafishwe nje ya kinywa kwa mswaki, sabuni na maji ya kawaida, juu ya beseni lenye maji ili yakidondoka yasivunjike. Maji ya moto huyapinda; dawa ya kufulia nguo huyachubua rangi na kula vishikizo.

Usiku yavuliwe na kulowekwa katika maji safi. Ufizi unahitaji kupumzika, na fangasi wa kinywani hupenda kitako kisichovuliwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wazee wa Japani wenye umri wa miaka 85 na zaidi ulionyesha kwamba waliolala na meno bandia walikuwa na hatari ya nimonia takriban mara mbili ya wale waliovua.

Kwa mhudumu wa afya wa Mbinga na Nyasa

Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na hata leo sehemu kubwa ya kazi ya kinywa na meno wilayani hufanywa na matabibu wa meno waliosomea vyuo kama kile cha Mbeya. Wao, pamoja na maafisa tabibu na wauguzi wa zahanati, ndio watakaoamua kama tiba hii itawafaa watu wa ziwani au itabaki kuwa hadithi ya mjini. Mambo yafuatayo hayahitaji mashine.

Muulize kila mzee anayekuja kliniki ya kisukari au ya shinikizo la damu: "Babu, meno yako ya chini unakula nayo?" Asiulizwe kama anayo, bali kama anakula nayo. Kagua kinywa yakiwa yamevuliwa. Usiharakishe kung'oa chonge za mwisho. Andika katika rufaa mgonjwa amekuwa bila meno kwa miaka mingapi, meno bandia yaliyopo yana umri gani, na dawa anazotumia.

Jua pia dalili za hatari kwa mgonjwa aliyerudi kutoka kwenye upasuaji. Sakafu ya kinywa ikivimba na ulimi ukainuliwa juu, hasa katika saa za mwanzo, huenda mshipa wa damu umejeruhiwa kwa ndani, na njia ya hewa inaweza kuziba: ni dharura ya kumsafirisha papo hapo, akiwa ameketi, na mwenye uwezo wa kulinda njia ya hewa akiwa pamoja naye. Mdomo wa chini ukiendelea kufa ganzi siku inayofuata, daktari aliyepandikiza apigiwe simu siku hiyohiyo, kwa kuwa neva iliyobanwa inaweza kunusuriwa mapema, si baadaye. Usaha, au kipandikizi kinachotikisika kikiguswa, navyo visisubiri marudio yaliyopangwa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kama meno yako bandia yanacheza, usikubali kwamba uzee ndivyo ulivyo. Yapeleke yakatazamwe, hata kama ni ya miaka mingi, hata kama uliyapata mbali. Pengine yatarekebishwa kwa kazi ya siku moja. Pengine mizizi uliyobakiwa nayo itaokolewa. Pengine utapewa rufaa ya vipandikizi viwili, urudi na kadi yako na bahasha ya vipete. Uendapo kliniki, nenda nayo, hata kama ni ndani ya pindo la kanga. Mtaalamu akiyaona ndipo anapojua pa kuanzia.